Siku Tatu za Binti

Mume wangu alipofariki niliingia eda, kama nilivyowafundisha wanawake wengine kwa zaidi ya miaka thelathini. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba yetu ya Riruta, bila wanja, bila udi, bila nguo ya rangi. Watu walidhani nitaona tabu. Sikuona chochote. Nilisali, nikala, nikalala. Moyo wangu ulikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, unauona, ila ukiugusa hausikii. Nilimshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo pia, maana kilio kinachosha, nami nilikuwa na binti wa kumwangalia.

Huyu binti yetu wa mwisho alikuwa aanze masomo ya urubani, apate leseni ya kurusha ndege za biashara. Ada alikuwa amewekewa na baba yake, kutokana na duka letu la vitambaa katikati ya jiji. Alikwisha kupimwa na daktari wa marubani, na cheti chake cha afya kilikuwa cha mwaka mmoja tu. Kisha yakaja mawili kwa pamoja: baba akaondoka, na uchumi ukaharibika. Mashirika ya ndege yakaanza kupunguza marubani. Ada ilitozwa kwa dola, kwa hiyo kila shilingi iliposhuka, akiba yetu ya ada ilipungua thamani bila mtu kuigusa. Dukani, ambako sasa binti alikaa peke yake, wateja waliingia, wakapapasa kitambaa, wakauliza bei, wakatoka.

Chuo cha urubani kilipokea wanafunzi kwa awamu. Awamu ya kwanza ilipita tukiwa bado na wageni wa matanga. Ya pili ilipokaribia, kila mtu alitwambia neno moja: ngojeni.

Aliyelisema kwa nguvu zaidi ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anayeishi Loresho. Alikuja Jumapili moja baada ya adhuhuri, akakaa sebuleni na binti. Mimi nilikaa upande wa pili wa pazia, kama inavyompasa mwenye eda.

"Shemeji, unanisikia huko?"

"Nakusikia."

"Jirani yangu ni kapteni wa ndege. Kapteni mzima, nywele nyeupe. Sasa hivi anafuga kuku."

"Si ni poa, Ami?" binti akasema. "Bado ako na mabawa."

"Wewe cheka tu. Utamaliza kusoma urushe nini? Tiara?"

"Nikianza saa hii, Ami, nitamaliza karibu miaka miwili. Nikingoja mambo yawe sawa ndio nianze, nitamaliza yakiwa yameharibika tena."

"Na nani kakwambia yatakuwa sawa ukimaliza?"

Hakuna aliyemwambia.

Shemeji akageukia pazia. Alitaka fedha ile iingie dukani, ilipe kodi ya mwaka, duka la ndugu yake lisifungwe. Hali ikitengemaa, mtoto aende. "Tena mama yako yuko edani," akamwambia. "Nyumba ya eda haianzishi mambo. Subira, mwanangu. Sivyo, Mwalimu?"

Huniita Mwalimu anapotaka nikubali. Nikasema, "Subira ni njema." Neno lilitoka lenyewe, kama mtu anavyoitikia salamu. Nilisikia binti akiweka kikombe chake mezani.

Siku zile bado niliwasomesha wanawake dini kwa simu, baada ya alasiri. Niliweka simu mezani ikiwa na sauti kubwa, nami nikiendelea kuchambua mchele. Siku mbili kabla ya chuo kufunga uandikishaji wa awamu ya pili, mwanafunzi mmoja aliuliza swali. Baba yake alikuwa amefariki na mama yake alikuwa edani. Ndugu zake walimzuia kurudi kazini mpaka mama amalize. Je, ndivyo?

Nilijibu bila kuinua macho. Nilimwambia eda ni ya mke. Mtoto hukaa matanga ya mzazi wake siku tatu, basi. Baada ya hapo anayemzuia ni watu, siyo dini. Nikamwambia pia asimkasirikie mama yake, huenda hajui.

Jikoni maji ya bomba yalifungwa. Binti alikuwa akiosha masufuria. Akaja akasimama mlangoni, mikono ina povu.

"Mama. Siku tatu?"

"Tatu."

"Na mimi nimekaa ngapi?"

Simu ilikuwa bado wazi, wanawake wakisubiri. Nilitafuta ndani yangu hofu, au huruma, au hata aibu, nikakuta ganzi ile ile. Lakini elimu haihitaji moyo uwe macho. Nilijua hukumu ya jambo lile kama ninavyojua Al-Fatiha.

"Kesho nenda kaandikishe," nikasema.

"Na Ami?"

"Ami nitaongea naye mimi."

"Na nikikosa kazi?"

"Utakuwa rubani asiye na kazi. Sasa hivi huna kazi na si rubani."

Alicheka, akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu ya povu. Mimi nikarudi kwa wanafunzi wangu, tukamaliza somo.

Shemeji alikasirika, kisha akaja mwenyewe kusaidia kuhamisha majora ya vitambaa siku duka lilipofungwa kwa kukosa kodi. Sikuwepo. Waliniletea kufuli, nikaiweka kabatini.

Eda yangu iliisha asubuhi ya siku ya kazi. Majirani walikuja kunitoa, kama desturi. Nilioga, nikavaa leso ya rangi ya machungwa aliyoichagua mmoja wao, wakanifukiza udi. Mmoja akauliza mbona binti hayupo siku kama hii.

"Yuko angani," nikasema.

Wakacheka sana wakidhani ni mzaha wa mjane aliyechoka. Asubuhi hiyo alikuwa na somo lake la kwanza la kuruka, pamoja na mkufunzi wake. Kazi bado hatujui kama itapatikana. Nilingoja kicheko kinifikie na mimi. Hakikufika. Nikasema alhamdulillahi, nikavaa viatu, nikatoka nao.