Kibanda cha Kuni na Milamula ya Kaka Yangu

Nilijenga kibanda cha kuni kwa sababu nilikuwa nimechoka kulia kwa moshi. Mvua za kwetu Kaagya zikianza hazina adabu. Zinanyesha asubuhi, zinarudi jioni, na ukuni uliolala nje ukiuweka jikoni unatoa povu badala ya moto. Nyumba nzima inakuwa moshi, ndizi ziko sufuriani zinakutazama. Nilikuwa nikipuliza mpaka kichwa kinazunguka, na macho yangu yenyewe ndui ilikuwa imekwisha kuyapunguza.

Ndui ndiyo iliyonirudisha Kaagya. Nilikuwa nimeolewa upande wa Muleba. Ugonjwa ulipopita ulichukua watoto wangu wawili wa kiume, ukaniachia binti mmoja na uso huu wenye mashimo. Mume wangu aliutazama uso huu majuma kadhaa, halafu akaniambia niende nikamsalimie baba. Nilielewa. Binti akabaki kwao, mimi nikabeba kikapu. Jina la mume huyo siliandiki, wala ya hawa wengine siyaandiki, lakini waliofanya nitawasema mmoja mmoja kwa mahali pao, na wa huku watawajua. Yeye ni wa kwanza.

Baba hakuniuliza kitu. Alinikatia kipande cha kibanja chake, upande wa juu karibu na njia: mahali pa nyumba, migomba, na chini yake mibuni aliyoipanda yeye mwenyewe kabla sijazaliwa. Pale mibuni hiyo ilipoishia kwa chini akaita wazee wawili washuhudie, akapanda milamula. Kwetu mlamula haupandwi ovyo. Ni mti wa mpaka. Ukiuona umesimama kwenye mstari unajua kibanja cha mtu kimeishia hapo, na hakuna anayekudai karatasi.

"Wewe utakula huku juu mpaka ufe," baba akasema. "Kaka yako atakula kule chini kuelekea ziwani."

Kaka alikuwapo, akaitikia. Baadaye baba akafa, na wale wazee wawili nao wakamfuata.

Basi kibanda. Nilikijenga kati ya nyumba na mibuni. Nilipanga mawe chini ili kuni zisiguse udongo. Nguzo za mbele nilizikata mwenyewe, za msizi, nikazichoma miguu kwa moto ili zisioze upesi. Nyasi za kuezekea nilizitoa rweya, kule mbugani, matita kwa matita kichwani. Kamba nilitumia maganda makavu ya mgomba, niliyaloweka kwanza ili yasikatike. Pembeni niliacha wazi upepo upite, lakini nyuma, upande wa ziwa, ndiko mvua inakotoka, na huko nilitaka ukuta wa matete. Nguzo za nyuma zikanipungukia.

Kaka akaja asubuhi moja, begani amebeba vipande virefu vya mlamula, vibichi, mkewe nyuma yake.

"Dada, hizi hapa za nyuma."

"Kaka, huo si mlamula?"

"Mimi naona ni mti."

"Ni mti wa mpaka. Utauwekaje kwenye kibanda cha kuni?"

Akacheka. "Utapakana na nani hapa, kuku? Huu ukiushindilia unashika mizizi, mchwa hawaugusi. Au unataka kikuangukie, watu waseme kaka mtu alikuwa amelala?"

Mkewe akaongeza, "Wifi, kubali upesi. Leo ameamka na huruma. Kesho mimi simjui."

Tukacheka wote. Mawingu yalikuwa yamekwisha kujaa juu ya ziwa. Nikakubali. Alichimba mashimo yeye mwenyewe, akanyoosha mstari kwa kamba, akafunga jicho moja kuhakikisha hakuna nguzo iliyopinda. Nikajisemea, kumbe ana mkono mzuri huyu.

Kibanda kilikuwa kizuri, siwezi kukisingizia. Kuni nilizipasua, nikazipanga nene chini na nyembamba juu, na mvua ilipokuja ilipiga matete ikarudi. Nilikuwa napika bila kukohoa. Jioni nilikaa mlangoni nikisikia nyasi zikidondosha maji, moto wangu unawaka mwekundu, na kwa mara ya kwanza tangu Muleba nikajiona mtu mwenye nyumba. Nguzo za nyuma zikachipua majani. Wanawake waliopita njiani walisema, tazama, kibanda cha huyu kimeota nywele.

Kisha kaka akaja kupanda mingine miwili mitatu kila upande wa kibanda, kwenye mstari uleule. Akasema ni ya kuzuia mbuzi wasile migomba yangu. Nikamshukuru. Nilimpa na ndizi mbivu akawapelekee watoto wake.

Halafu binti yangu akajifungua huko Muleba, nikaenda kumkanda. Nikakaa hadi mtoto alipoanza kushika kitu mkononi. Niliporudi, mibuni ilikuwa imeiva, na ndani ya mibuni alikuwamo kaka na kikapu chake, anachuma.

"Kaka, umenianzia kazi?"

Hakugeuka. "Nachuma vyangu."

"Vyako viko chini ya milamula."

"Hii hapa si chini ya milamula?" Akaonyesha kibanda changu kwa kidole.

Nikashuka mbio mpaka mahali baba alipopanda. Hapakuwa na kitu. Milamula yote ilikuwa imeng'olewa, na pale palikuwa na machipukizi ya migomba, yamewekewa nyasi kavu vizuri, kama yamekuwapo siku zote.

Nikamwita omukungu, yaani mkubwa wa kijiji chetu aliyekuwa akiamua mambo ya vibanja kabla hayajafika barazani. Alipofika kwangu alikuwa amekwisha kupitia kwa kaka, na harufu ya lubisi, pombe yetu ya ndizi, ilitangulia mbele yake. Nikapiga magoti.

"Waitu, huo ni ukuta wa kibanda changu cha kuni."

"Mama, mimi naona milamula imesimama kwenye mstari."

"Aliipanda yeye mwenyewe!"

"Nawe ulikuwapo?"

"Nilikuwapo, waitu."

"Ulimkataza?"

Akawageukia watu waliokuja kutazama. "Mhaya gani anajengea kuni mlamula? Mtoto mdogo anajua maana yake. Mtu akipanda mlamula nawe umesimama hapo unatazama, umekubali. Mashahidi wako wako wapi?"

"Wamekufa."

"Basi."

Kaka, mtoto wa mama yangu, alikuwa anatazama miguu yake. Omukungu akasema tena kwamba mti wa mpaka haubebi paa la mtu, kwa hiyo kibanda kiondolewe kabla mvua hazijaanza. Ndivyo mibuni ya baba ilivyokwenda. Nikabaki na nyumba na migomba ya kunilisha, kahawa hata ya kutafuna sina.

Kesho yake nikaanza kubomoa. Nilifungua kamba moja moja, nikashusha nyasi, nikakunja ukuta wa matete. Kuni nilikuwa nazibeba kwenda kuzipanga mvunguni mwa kitanda. Wifi yangu akaja kunisaidia, bila kuitwa. Tulifanya kazi mpaka jua likawa kali. Alipokuwa ananifungia tita la mwisho akasema chini chini:

"Wifi, siku alipoing'oa ile ya zamani nilikuwapo. Nilimshikia jembe."

"Omukungu bado yupo kijijini," nikamwambia. "Nenda ukamwambie hivyohivyo."

Akaniinulia tita, akanitwisha kichwani, akaliweka sawa lisinielemee upande mmoja.

"Wanangu watakula wapi, wifi?" akasema, akashuka kupitia kwenye mibuni kwenda kupika.