Maharage Ambayo Mama Baridi Hakuwahi Kuyaonja

Walimwita Mama Baridi, kwa sababu miaka ishirini na mbili alishinda na sweta ndani ya chumba baridi cha ghala la kuhifadhi mbegu za asili zisipotee. Mkali kama pilipili! Ole wako uguse punje moja bila kuandika. Hata nyumbani, akichambua maharage alitenga mazuri, akapika mabovu.

"Mke wangu," mumewe alilalamika, "haya mazuri tunamwekea nani?"

Siku moja akaja bibi mmoja mkulima. Ukame ulikuwa umemmalizia maharage yake yote ya madoa, yale ambayo zamani aliwahi kuleta mbegu zake ghalani. Mama Baridi akamhesabia punje hamsini.

"Na utamu wake, mwanangu, uliuonaje?" bibi akauliza.

Mama Baridi akapekua faili. Kwenye faili kulikuwa na rangi, uzito, na siku za kuota. Utamu haukuwemo.

Baada ya misimu miwili bibi akarudi na bakuli la maharage yale ya madoa, yamepikwa, yanafuka moshi.

"Bibi! Haya si ungeyapanda?"

"Nimepanda mpaka nimechoka. Haya ni ya kula."

Mama Baridi akavua sweta, akaketi. Hakubakiza hata punje.