Jina Lililoitwa Uchochoroni

Nilikuwa kwa kinyozi hapa Machakos, nusu ya kichwa imenyolewa, aliposema kwamba Bwana Naam ametutoka. Hilo halikuwa jina lake. Tulimpachika kwa sababu aliitika kila mwito, uwe wake usiwe wake. Ukipita nje ya hoteli yake ya chai, ile iliyo karibu na msikiti, ukamwita mwanao aliyetangulia mbele, utasikia "Naam!" kutoka jikoni, kisha yeye huyo mlangoni akijifuta mikono kwa aproni. Tulimcheka sana, na mimi nilikuwa mstari wa mbele, maana mimi na utani ni chanda na pete. Kisha siku moja mvua ikatufungia ndani ya hoteli, wateja wengine hawapo, akanieleza tabia hiyo ilikotoka. Tangu siku hiyo sikumcheka tena.

Miaka ya tisini, kabla ya kufungua hoteli, alikuwa mhudumu wa meza katika meli ndogo ya watalii iliyosafiri pwani kutoka Mombasa. Abiria mmoja, mzee mjane kutoka ng'ambo, alimzoea, akamwuliza kwao huitwa nani. Akamtajia jina la utotoni alilopewa na nyanya yake, jina ambalo hata wenzake wa melini hawakulijua. Mzee akawa analirudia kila asubuhi akiletewa chai, mpaka likamkaa mdomoni. Meli ilipotia nanga Lamu, abiria walishushwa kwa mashua asubuhi, wakaachwa watembee wapendavyo hadi jioni. Rafiki yetu naye alipewa ruhusa, akanunua leso za mkewe, na alasiri akashika njia ya kurudi gatini. Uchochoro aliopita ulikuwa mtupu, milango yote imefungwa, hata punda hakuonekana. Hapo ndipo alipolisikia jina lake la nyumbani nyuma yake, kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Liliitwa mara moja tu.

Sisi tuliolelewa vijijini huku Ukambani tulionywa na nyanya zetu. Ukiitwa na usiyemwona, nyamaza mpaka uitwe tena, kwa sababu aliye hai hurudia na aliyekufa huita mara moja. Mtu mzima huyu, mwenye sare na cheti cha kazi, alisimama akangoja mwito wa pili. Haukuja. Akaondoka mbiombio bila kugeuka. Gatini mashua ilikuwa inamngoja yule mzee. Walipomtafuta walimkuta kwenye uchochoro uleule, ameketi kwenye baraza iliyojificha ya nyumba iliyofungwa, fimbo magotini, amekufa. Hapo tu ndipo rafiki yetu alipokumbuka ni nani mwingine aliyelijua jina lile.

Nilimfariji kwa kumwambia kwamba asingeweza kumwokoa. Akatikisa kichwa. "Daktari wa huko alisema mzee alikufa asubuhi," akaniambia. "Na mimi niliitwa alasiri. Mimi naomba tu huyo daktari akuwe alikosea. Kama nilimwacha mzee akinihitaji, hiyo ni dhambi, naeza tubu. Lakini kama daktari hakukosea, ni nani aliniita?"  

Bwana Naam alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza mtaani kwetu kuwa na simu ya mkononi, naye hakuiacha ilie bure hata siku moja. Sisi wengine tulijifunza upesi kuitazama namba tusiyoijua na kuirudisha simu mfukoni. Tumeufanya ukimya kuwa ujanja wa mjini. Jirani anagonga, tunapunguza sauti ya redio ili adhani hatupo. Atarudi, tunajiambia, kama shida yake ni ya kweli.

Wiki moja kabla ya msiba nilikwenda kumjulia hali. Mchana ulikuwa mweupe, mlango uko wazi, na uani hapakuwa na mtu ila kuku. Mkewe alikuwa akimnywesha uji. Ghafla mgonjwa akainua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia, akatazama nje. "Naam," akasema, "nakuja." Mkewe akamwuliza anamwitika nani, maana hakuna aliyeita. Akatulia, uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo. "Ameita tena," akasema. "Hii sasa ni ya pili."

Nilitoka pale nikiogopa, na ninaiandika safu hii bado naogopa. Lakini kinachoniuma si mzimu. Ni kwamba mtu mwema aliitikia mji mzima kwa miaka, akimtafuta mmoja aliyemnyamazia. Anayekuita mwitikie, msomaji wangu. Si kila mtu atapata nguvu ya kuita tena. Juzi, nikitoka kwa kinyozi, nilisikia mtu akiita nyuma yangu. Sikujua kama ananiita mimi. Niligeuka, nikasema naam, na barabara ilikuwa tupu.