Jina la Jambazi

Filamu ilijisemea yenyewe kwa Kichina, na hakuna aliyeieleza. Watazamaji wachache waliobaki katika banda la Semei, pale soko la Jebel mjini Juba, walivumilia kidogo, kisha wakaondoka kabla haijaisha.

Zamani, tangu mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini, watu walikuwa wakija kumsikiliza Semei kuliko kutazama picha. Mganda huyo mwembamba alikaa kando ya televisheni na mikrofoni, akitafsiri papo hapo kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba. Wahusika waliponyamaza, aliwatungia maneno. Tena kila mhusika alimpa jina la mtu aliyekaa humo bandani. Muuza chai alikuwa malkia, mchoma matofali daktari. Jambazi daima alikuwa Riang, fundi wa pikipiki aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kwa sababu hakuna aliyefurahia kuuawa kama yeye. Kicheko chake kilianza kama mkoromo, kikapanda hadi benchi zima likatikisika.

"Maze Semei, leo umeniua mapema," alikuwa akilalamika akitoka. "Kesho nipe hata nafasi ya kutubu."

Vita vilipoingia mjini, Desemba ya 2013, jina la mtu peke yake lilitosha kuonyesha kabila lake na upande wake. Riang na mkewe Nyabol, wa kabila lililowindwa na askari, wakakimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa. Semei alipofungua tena banda, mchana tu, aliwapa wahusika majina ya Kampala, ya watu wasiojulikana na yeyote. Watu walitazama kama wako msibani.

Alasiri moja, jambazi wa filamu alijificha nyuma ya mapipa, na Semei akazidiwa na upweke. Alijua Riang yuko mbali, ndani ya seng'enge. Jina halingemdhuru.

"Wewe Riang," alisema kwenye mikrofoni, "unajificha nini kama kuku? Miguu yote iko nje."

Halafu, kutoka benchi la nyuma, kikapanda kile kicheko.

Riang alikuwa ametoka kambini kwa siri, kofia imeshuka hadi machoni, aje aone filamu moja tu. Kicheko kilimponyoka. Askari wawili waliokaa mbele wakageuka. Mmoja aliuliza kwa sauti ya upole ni nani anacheka. Kila mtu alikuwa ameshatazama nyuma. Wakatoka naye. Kwenye televisheni jambazi akaendelea kukimbia bila jina.

Wiki hiyo Nyabol alizunguka kambi za jeshi na hospitali, akiuliza. Hakuna aliyemwona mumewe. Mwishowe akaja bandani, akasimama mbele ya Semei.

"Majina ni mengi," alisema. "Kwa nini la bwanangu?"

"Nilikuwa namkumbuka tu, dada."

"Na yeye alikuwa anakukumbuka," alisema Nyabol. "Hicho ndicho kilichomtoa kule kambini."

Semei hakutafsiri tena filamu yoyote. Watu walipokwisha kabisa, aliuza televisheni na jenereta kwa bei ya kutupa. Riang hajaonekana mpaka leo. Semei yuko Elegu, mpakani upande wa Uganda, anapakia saruji kwenye malori yaendayo Juba.