Marehemu Aliyetangazwa na Runinga

Kazi yake ilikuwa kufa. Wenzake kwenye filamu walimwita Marehemu, naye aliitika bila kinyongo, maana katika mji mzima hakuna aliyemfikia kwa kufa. Alikufa kwa sumu, kwa risasi, kwa kuangukiwa na ukuta, na kila mara kabla kamera haijawashwa alilegeza kiatu kimoja ili kimtoke. Alisema maiti mwenye viatu vyote viwili ni maiti mvivu. Waongozaji walimcheka, lakini kiatu walikiacha.

Mama yake, aliyeishi mbali, ng'ambo ya mto, hakuwahi kutazama hata filamu moja. Alishasema wazi kwamba hakumbeba mwanawe tumboni ili aje amtazame akifa kwenye kioo. Runinga aliiwasha kwa ajili ya taarifa ya habari tu, na hiyo aliiamini kuliko alivyomwamini kaka yake wa tumbo moja.

Basi, wiki ambayo Marehemu aliahidi kwenda kumwona mama, mvua ikanyesha kama imetumwa, mto ukafurika, daraja likaenda na maji. Safari ikafa, akarudi chumbani kwake. Kituo kimoja cha runinga kilitaka picha za mafuriko na hakikuwa na mpiga picha hata mmoja upande ule. Kusema "hatuna picha" hakujamuua mtu bado, lakini mhariri wao aliona aibu. Akachovya mkono kwenye filamu ya zamani, akakata kipande, akakipachika kwenye habari. Watazamaji wakaonyeshwa mwanamke akivutwa kutoka majini, kichwa kimelegea, mguu mmoja mtupu. Mtangazaji akavaa uso wa msiba na kusema hizo ni picha kutoka eneo la tukio.

Mama akamtambua mwanawe.

Marehemu alipopiga simu kumjulia hali, mjomba ndiye aliyepokea, na nyuma yake vilisikika vilio. Alipojitambulisha, mjomba alimwambia aone haya, watu wamefiwa naye analeta utapeli. Dada yake, mama wa huyo aliyefariki, hajaonja hata maji tangu aone ile habari, na kisukari anacho. Marehemu akasihi apewe mama. Mama akamsikiliza kidogo, kisha akasema kwa sauti iliyokauka:

"Binti, nyinyi wa filamu mnajua kuigana sauti. Mwanangu nimemwona kwa macho yangu kwenye taarifa ya habari. Niache."

Simu ikakatwa, na tangu hapo haikupatikana tena. Marehemu aliogopa hasa. Amekufa mara nyingi, lakini hajawahi kuua mtu, na sasa kifo chake cha uongo kilikuwa njiani kumchukua mama yake kweli. Barabara hakuna, simu hakuna. Kilichosemwa na runinga kingefutwa na runinga yenyewe.

Asubuhi alikuwa mapokezi pale kituoni. Aliomba kwa adabu kumwona mhariri. Akajibiwa kwamba mhariri ameshikwa na habari za mafuriko, aandike malalamiko yake na asubiri. Akaomba tena, akajibiwa vilevile. Marehemu akashusha pumzi, akalegeza kiatu kimoja, akafa.

Alianguka kifo cha kupendeza. Kiatu kilikwenda hadi mlangoni. Mlinzi akapiga yowe, na mhariri, aliyekuwa ameshikwa, akateremka ngazi mbiombio na mpiga picha wake, maana habari ilikuwa imewaangukia mlangoni bure. Mpiga picha akasogeza kamera usoni pa maiti, akasita.

"Bosi, huyu si yule wa mtoni?"

Marehemu akafumbua jicho moja. "Ndiye. Na mama yangu anamlilia. Nipelekeni hewani."

Mhariri alijaribu kupatana naye: wangesoma sentensi fupi mwishoni, baada ya michezo. Marehemu akafumba jicho, akafa upya, wageni wakizidi kujaa na kumpiga picha kwa simu zao. Mhariri akasalimu amri.

Kwenye habari ya mchana, mtangazaji yuleyule alisema, mara hii bila uso wa kuazima, kwamba picha ile ilitoka kwenye filamu, kwamba kituo kiliwadanganya watazamaji na kinaomba radhi. Kisha kamera ikamgeukia Marehemu.

"Mama, ni mimi," akasema. "Kula."

Hakuwa amefika hata mlangoni simu yake ilipolia. Mama alilia, akacheka, akamgombeza kwa kumtia presha, akasema amekula. Kisha akaongeza:

"Ila yule wa mtoni ulimweza. Hata mimi niliyekuzaa nilisadiki."

Furaha ikamjaa Marehemu mpaka akakaa chini palepale kwenye ngazi.

Daraja lilipotengenezwa alikwenda na filamu zake zote, kama alivyoagizwa na mama. Mama alijaza sebule majirani, mjomba akakaa nyuma kabisa. Kila mwanamke wa kwenye kioo alipoanguka na kiatu kikamtoka, majirani walishika vichwa, na mama aliwatuliza kwa maringo.

"Tulieni," alisema. "Huyo ataamka. Nimemzaa mwenyewe."