Tur Ndogo ya Gunnvor

Gunnvor Teigland alikaa nyuma ya dirisha la wageni bandarini Bergen kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo yote alimpotosha mtu mmoja tu. Hakukusudia. Lakini mlima haukuulizi ulikusudia nini.

Kazi yake ilikuwa kujibu maswali. Samaki wabichi wako wapi, choo kiko wapi, mbona mvua haikatiki. Kuhusu mvua alikuwa na jibu moja: "Mvua haina kosa. Kosa ni koti lako." Wageni walicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu hakuwa anatania. Mgahawa ukiwa na sifa kubwa na supu ya maji matupu, alisema hivyo, hata kama mwenye mgahawa amesimama palepale kwenye foleni.

Asubuhi moja ya Juni, mwaka wake wa nane dirishani, enzi ambazo simu zilikuwa bado za waya, alikuja mzee Mholanzi mwenye kofia ya majani. Jina lake Sietse Hoekstra, mwalimu mstaafu wa hesabu. Meli yake ilikuwa ing'oe nanga saa kumi na mbili jioni. Akanyoosha kidole kuelekea milimani.

"Mama, kwetu ukisimama juu ya kiti umeshapanda mlima. Leo nataka kupanda treni hadi kilele kile, halafu nitembee mpaka kile kingine chenye mnara. Ni mbali?"

"Ah, ni tur tu," Gunnvor alijibu. "Tur ndogo. Fuata marundo ya mawe yanayoonyesha njia. Ukungu ukishuka usione rundo linalofuata, kaa kwenye hilo ulilopo."

Neno hilo, tur, yaani matembezi, kwa watu wa Bergen ni kama chumvi, halikosi chungu. Kumtoa mbwa nje ni tur. Kutembea saa tano juu ya mawe na matope, upepo ukikupokonya kofia, nako ni tur. Gunnvor alipandishwa kule mgongoni mwa baba yake kabla hajaota meno, na hakuwahi kujiuliza neno lake linaingiaje katika sikio la mtu wa nchi tambarare.

Saa saba mchana ukungu ulishuka ukaufunika mnara. Mwenzake Eivind alikuwa akitafuna mkate wenye jibini ya kahawia.

"Yule Mholanzi wako kapendeza kweli," alisema. "Viatu vya ngozi vinang'aa, unaweza kuvitumia kama kioo cha kunyolea ndevu."

Gunnvor aliweka kalamu chini. Asubuhi ile alimtazama mzee usoni. Hakumtazama miguuni.

"Soli zake zikoje?"

"Laini. Za kwendea harusini. Si wewe uliyemwambia tur ndogo?"

"Wapigie waokoaji simu. Mimi napanda."

"Sasa waokoaji wa nini kama unapanda mwenyewe?"

"Wao wana machela. Lakini neno ni langu."

Mjini Bergen watu hukaa kiti kimoja cha basi miaka kumi bila kusalimiana, ila mlimani kila mtu humsalimu kila mtu. Kwa hiyo Gunnvor aliuliza kila aliyekutana naye. Mama mmoja aliyekuwa akikimbia mbio za mazoezi alisimama, akahema.

"Mwenye viatu vya bwana harusi? Nimempita kabla ya ukungu. Nikamwambia rudi, babu. Akaniambia ni ndogo tu hii."

Gunnvor aliongeza mwendo. Baada ya hapo hakukutana na mtu. Weupe ulimeza njia, ukameza mikono yake mwenyewe. Maji yalisikika yakitiririka chini ya mawe kama watu wanaonong'ona chumba cha pili. Mlima aliouzoea kama jiko lake ukawa haumjui, na kwa mara ya kwanza maishani alihisi ukubwa wake, jinsi ulivyokaa hapo bila kumhitaji yeye wala mji wake. Alitembea kutoka rundo hadi rundo, akigusa kila moja kwa kiganja, kama mtu anayeingia nyumba isiyo yake.

Kwenye rundo la kumi na nne alimkuta mzee ameketi, kofia mapajani, soli ya kiatu kimoja imeachama kama mdomo wa samaki.

"Mama wa dirishani," mzee alisema, meno yakigongana. "Umekuja kukagua kazi yako?"

"Nimekuja kuomba radhi. Umeumia?"

"Kifundo cha mguu kimevimba. Nimekaa kwenye rundo kama ulivyosema. Hilo ulilisema sawasawa."

Gunnvor alimvisha koti lake, akammiminia kahawa. "Mbona hukurudi mapema? Hapa hata watoto wanafundishwa: kugeuka nyuma si aibu."

"Kwangu ilikuwa aibu. Uliniambia ni ndogo. Mtu mzima atashindwaje na kitu kidogo?"

Gunnvor alimfunga koti hadi shingoni. Kisha upepo uligeuka, na ukungu ukapasuka kama shuka kuukuu. Chini yao, mbali mno, kulikuwa na mji: paa nyekundu, milima saba imeuzunguka, bahari imeingiza vidole vyake kila bonde, na visiwa, visiwa, hadi pale jicho linapochoka. Meli ya mzee ilikuwa punje ya mchele.

"Na hii," mzee alinong'ona, "ndiyo unaiita ndogo?"

Gunnvor alitazama kwa muda mrefu. Aliyaona haya tangu utotoni, na hakuwahi kuyaona.

"Hapana," alisema. "Si ndogo."

Waokoaji walimshusha mzee kwa machela. Meli ilipiga honi ikaondoka bila yeye, na hakulalamika.

Tangu siku ile, mgeni akiuliza kama ni mbali, Gunnvor aliinuka kitini, akachungulia nje ya dirisha. "Geuza mguu nione soli." Wapo waliokasirika. Aliwaacha wakasirike, kisha akawatajia idadi ya saa.

Krismasi ile kilifika kifurushi kutoka Uholanzi. Ndani mlikuwa na soli moja ya ngozi iliyopasuka, na juu yake, kwa mwandiko wa mwalimu wa hesabu: "Mwendo wa saa tano. Kwa viatu hivi, hufiki." Gunnvor aliitundika dirishani, na hapo ilikaa miaka kumi na tisa, mpaka alipostaafu.