Mashine Iliyokataa Kuzimika

Dadi Msabaha ni fundi umeme wa Bagamoyo mjini, na mtu wa kwanza kumcheka ni yeye mwenyewe. Habari anayoipenda kusimulia ni ile ya Kiwangwa.

Kina mama wa huko wana mashine ya kusaga muhogo mkavu, inayoendeshwa kwa mota. Kontakta, ile swichi inayopeleka umeme kwenye mota ukibonyeza kitufe, ilikuwa haidumu. Kila mara inaungua. Wakamwita Dadi aweke mpya na awafundishe kuitunza.

"Nilivaa shati la Idi," husema. "Mwalimu lazima apendeze!"

Akaifunga kontakta, akasimama mbele yao akaeleza. Mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko ikishakimbia, kwa hiyo msiiwashe ikiwa na mzigo, wala umeme ukiwa mdogo. Ikigoma, msibonyezebonyeze. Zimeni, mtafute sababu.

"Sasa tazameni," akasema, akabonyeza.

Mota ikanguruma, isizunguke. Hakuwa amechungulia ndani. Muhogo wa jana ulikuwa umejaa tele. Kina mama wakamtazama. Kwa aibu akazima, akabonyeza tena. Na tena. Kontakta ikalia tatatata, cheche zikaruka, mara mashine ikakimbia.

"Mmeona?" akasema, jasho likimtiririka.

Akabonyeza kitufe cha kuzima. Wapi! Akabonyeza kwa dole gumba, akabonyeza kwa kiganja. Ndani ya kontakta, sehemu zinazogusana zilikuwa zimeyeyuka na kushikana. Unga ukawa unafoka mdomoni mwa mashine, ukimpaka kuanzia kofia mpaka makubazi.

"Fundi, tunaizimaje?" akauliza Bi Shaikha, mwenyekiti wao.

"Subirini, inamalizia somo."

Bi Shaikha hakusubiri. Akaenda ukutani, akashusha swichi kuu. Bibi mmoja wa umri wa mama yake Dadi akamsogelea mwalimu mweupe kama mzimu, akamwamkia, "Shikamoo." Kicheko kilichofuata, anasema, kilisikika barabarani.

Alirudi na kontakta kubwa zaidi, pamoja na kifaa kinachozuia mota isiwake umeme ukipungua, na kingine kinachoichelewesha kabla ya kuwashwa upya.

"Hicho cha kuchelewesha sikuwafungia wao," husema. "Nilijifungia mimi."

Kina mama wanasaga mpaka leo. Kabla ya kuwasha hufungua mashine na kuifagia kwanza, na Dadi akipita kuwasalimia, hupewa kiti mbali na vitufe.